Kozi ya wachumba: fikihi wako vizuri, maisha wamepita juujuu

Mimi na mchumba wangu tumemaliza kozi ya mtandaoni ya maandalizi ya ndoa kwa Waislamu, vipindi nane, jina naliweka kando manake sijaja kumharibia mtu riziki, ila nisemeje, imenifurahisha na imeniudhi vilevile.

Kwenye fikihi, yaani sheria za dini, sina neno. Walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, ijabu na kabuli (kuoza na kukubali), vyote vimechambuliwa, na kwenye mahari ustadhi alikomaa mpaka basi kwamba ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba wala mjomba, akatusomea Surat An-Nisaa aya ya 4. Eda, ule muda mwanamke anakaa kabla ya kuolewa tena, nilikua naijua nusunusu, sasa hivi hata ukiniamsha usiku nakwambia mjane ni miezi 4 na siku 10, mwenye mimba mpaka ajifungue.

Shida ni kwamba wakifika haki na wajibu inageuka hotuba, saa nzima mke amtii mume, mume amhurumie mke, kamera zimezimwa zote na mwenzangu nahisi alikua anaosha vyombo. Unyumba ukapewa kama dakika kumi hivi afu tunaambiwa "mengine mtayajua wenyewe". Sasa si ndo tumekuja kuyajua jamani?

Kilichookoa kozi ni dada mmoja mshauri nasaha, kapewa kipindi kimoja tu. Katupa karatasi ya maswali kila mtu ajaze kivyake: unadaiwa nini, nani anakutegemea, kazi ikitokea mbali nani anamfuata mwenzie, mama akitaka kuja kuishi na nyie itakuaje. Afu mnabadilishana. Nikasoma ya mwenzangu nakuta analipa mkopo aliomchukulia mdogo wake, bado miaka miwili uishe, na sisi mwaka mzima tunaongea mpaka usiku wa manane hilo halijatajwa hata siku moja! Tulinuniana siku mbili. Ndo kipindi bora kuliko vyote.

Na ni yeye peke yake aliyegusia kupima seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya kupanga tarehe, kwamba wote mkiwa mmebeba hiyo hali bila kuumwa, kila mimba ni nafasi 1 kati ya 4 mtoto kuzaliwa mgonjwa.

Kwahiyo kabla hamjalipia popote ulizeni, mbali na ustadhi nani mwingine anafundisha, na kuna kazi za kufanya wawili au ni kusikiliza tu.

Cheti tumepewa, kina nakshi nzuri. Swali la mama bado hatujaelewana.