Sindano au Kidonge kwa Mtoto Mchanga Mwenye Kisukari

Mama mmoja wa Nyalenda, Kisumu, huhifadhi insulini ya mwanawe ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga uliolowa maji, kwa kuwa hana friji, na kila asubuhi huugusa kuhakikisha kwamba ungali baridi. Mtoto anapougua kisukari kabla ya kutimiza miezi 6, hatuna budi kuuliza kama sindano ndiyo njia pekee.

Seli za kongosho zinazotoa insulini zina milango midogo ya kupitishia potasiamu. Sukari inapoongezeka katika damu, seli huitumia kutengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, nayo ATP huifunga milango hiyo. Chaji ya umeme hubadilika, kalsiamu huingia, na insulini humwagika. Hitilafu katika jeni ya KCNJ11 au ABCC8 huweza kuiacha milango wazi, hivyo insulini ikabaki ndani ya seli ingawa ipo.

Insulini ya sindano huokoa maisha, lakini haiugusi mlango huo mbovu. Glibenklamaidi, kidonge cha bei nafuu, huufunga mlango wenyewe bila kuingoja ATP. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa 44 kati ya 49 wenye hitilafu ya KCNJ11 waliweza kuacha sindano. Dawa zote mbili zaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mimi nakipendelea kidonge, ila baada ya kipimo cha jeni na chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu mwenye kisukari cha aina ya 1, ambaye seli zake zimeharibiwa, akiachishwa insulini anaweza kufa.