Pezi la mashua yangu limeng'oka, nami naulizwa nimegonga nini!

Nimekaa siku kadhaa nipoe ndipo niandike. Sijapoa, basi naandika hivi hivi.

Niko Reading, Uingereza, asubuhi napiga makasia mto Thames. Mwaka jana hivi nilijikusuru nikanunua mashua ya mbio ya mtu mmoja, mpya, kwa kampuni ambayo mwenyewe alikuwa mpiga makasia, akawa kocha, akageuka fundi. Jina nalihifadhi. Hicho ndicho kilichonivuta, maana watu wa aina hiyo wapo. Bohumil Janoušek, Mcheki, alipata shaba mbili za Olimpiki, 1960 na 1964, akawanoa Waingereza wa mashua ya watu wanane hadi fedha ya Montreal 1976, naye akaja kuunda mashua. Marekani kuna Mike Vespoli, bingwa wa dunia 1974. (Wangu si kati ya hao, msije mkawasingizia.)

Mjomba wangu, fundi wa majahazi Nungwi, Zanzibar, nilipomwambia ina kilo 14 tu alicheka: "Mwanangu, hicho si chombo, hicho ungo."

Sasa, pezi. Chini ya mashua hizi, upande wa tezi, yaani nyuma, kuna kipezi kidogo kama kiganja cha mtoto, ndicho kinachoishikisha njia. Hata miezi miwili haijatimia, niko katikati ya mto, nikasikia tk! Chombo kikaanza kwenda mrama kama mbuzi aliyekata kamba. Navuta sawasawa, omo, ile ncha ya mbele, inaelekea majanini. Mabata wananitazama. Safari ya dakika 5 ikanila nusu saa. Kupindua, naona tundu tupu na uzi wa silikoni, gundi iliyolishika pezi, unaning'inia.

Nikapiga simu. Kapokea mwenyewe. Salamu hakuna, pole hakuna.

"Umegonga nini?"

Sijagonga kitu.

"Umegonga. Pezi limewekwa ling'oke lenyewe kabla halijapasua mashua. Nitumie video yako ukipiga makasia."

Jamani! Mimi nataka pezi, yeye anataka video! Nilikata simu nikamtukana kwa Kiswahili, peke yangu jikoni. Huyu anauza mashua au anasajili timu?

Video nikatuma, kwa hasira tu, aone kwamba najua. Likaja jibu la mistari mitatu: kileti (kishikio cha kasia) cha mkono wa kushoto kiko chini mno, kipandishe pete moja, acha kukodolea macho makasia. Nikapandisha. Wallahi, mgongo wa mkono wangu wa kulia, uliokuwa ukichunwa na kucha za kushoto mikono ikipishana tangu siku ya kwanza, haujatoka damu tena. Chombo sasa kinateleza mpaka raha. Nilikuwa nimeshaandika nyota moja, nikafuta, nikaweka nne.

Kisha ikaja ankara. Pezi, juu yake posta, juu yake kodi, na pole bado hakuna. Fundi wa Nungwi akikukalafatia vibaya anarudi na pamba yake, na chai mnakunywa pamoja.

Ni kweli kuna tawi la mti mtoni, karibu na Caversham, hapa hapa Reading. Nililigusa kwa kasia, na kasia si mashua. Au labda liliendelea chini ya maji, sikuliona. Lakini hata kama! Mtu anasemeshwa vile?

Nyota tatu. Silikoni nimeweka yangu.