Tsoureki ya Pasaka Kypseli, Athens: chukueni ya kawaida, ya chokoleti achaneni nayo

Wadau mlioko Athens, kuna bekari moja ndogo huku Kypseli karibu na mtaa wa Fokionos Negri, jina sitaji maana foleni yenyewe ya wiki ya Pasaka inatutosha haha. Mi naiongelea tsoureki yao, ule mkate mtamu unaosukwa kama nywele, mafungu matatu, Wagiriki wengi watakwambia ni Utatu Mtakatifu. Ndani kuna siagi, mayai na maziwa, yaani vilevile vitu ambavyo aliyefunga Kwaresma hajavigusa wiki zote hizo, sasa imagini mtu huyo anauma kipande usiku wa Pasaka!!

Hawa jamaa hawabanii viungo. Mahlepi (kiini cha mbegu ya cheri pori, kinasagwa) na mastiha, ule utomvu wa miti ya kisiwa cha Chios, unavisikia kabla hata hujafungua mlango. Ukiuchana mkate unatoka nyuzinyuzi, hapo ndo unajua umeumuka vizuri, na kesho yake bado mlaini.

Ila ile yenye chokoleti ndani na nje ni sukari tupu, mahlepi husikii kabisa, afu bei inakaribia mara mbili. Hapana kwa kweli.

Lile yai jekundu wanalopachika juu nalo rangi inavujia kwenye mkate, so bora mayai uchukue ya pembeni. Yanapakwa rangi Alhamisi Kuu, wekundu ni damu ya Kristo na ganda ni kaburi, ndo maana baada ya ibada ya usiku wa manane watu wanayagonganisha, huyu anasema Christos Anesti (Kristo amefufuka) yule anajibu Alithos Anesti (kweli amefufuka), ambaye lake limebaki zima ana bahati mwaka mzima. La kwangu liliwamaliza wote mezani kwahiyo hapa nina upendeleo kidogo.

Supu ya magiritsa, ile ya matumbo na maini ya mwanakondoo, hawauzi, nendeni taverna, ile migahawa ya Kigiriki.

Nyota 4. Wahini Ijumaa asubuhi, Jumamosi mchana utakuta makombo. Na Mwaka Mpya msiwafuate kwa vasilopita, keki ya Mtakatifu Basil yenye sarafu ya bahati ndani, kipande cha kwanza cha Kristo, cha pili Bikira Maria, afu nyumba, ndo mnafuata nyie kwa umri. Ya kwao ni kavu mno, sarafu nilipata mimi na bado nikalalamika.