Bweni hadi Ushongo kwa miguu: uliza maji kwanza

Safari hii nimeipenda na nitairudia, lakini siku moja kati ya tatu iliharibika kwa sababu ya kijana mmoja aliyejiita mwongoza njia na hakujua maji yanajaa saa ngapi. Ndiyo maana naandika.

Tulikwenda Agosti, mimi na mdogo wangu. Mpango ulikuwa siku mbili: siku moja bondeni, tukipandisha Mto Pangani, na siku moja ufukweni, kutoka Bweni hadi Ushongo, vijiji viwili vya pwani ya Tanga. Zikawa tatu.

Mji wa Pangani uko upande wa kaskazini wa mdomo wa mto, na Bweni iko ng'ambo. Tulivuka kwa kivuko pamoja na bodaboda, magunia ya nazi na kuku waliofungwa miguu. Daraja lilikuwa bado linajengwa tulipopita, kwa hiyo kivuko tulikipanda mara nyingi mpaka wafanyakazi wakatuzoea. Ukishuka Bweni kuna mwinuko mfupi. Panda, halafu geuka. Maji ya mto yana rangi ya chai ya maziwa, bahari ni buluu, na pale yanapokutana unaona mstari kabisa, unapinda na kusogea. Ng'ambo unaona mji wenyewe, nyumba kongwe na mabati yenye kutu. Ni mji huo Wajerumani walimonyongea Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi yao, Desemba 1889. Tulikaa hapo karibu saa nzima, na mzee aliyekuwa akituongoza siku hiyo hakutuharakisha hata mara moja.

Njia ya bondeni haikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia ya watu kwenda shamba, hivyo inagawanyika kila mara na hakuna kibao hata kimoja. Ukienda peke yako utatokea uani kwa mtu, utasalimia, utaelekezwa, utapotea tena. Si balaa, ila itakula muda. Unapita chini ya minazi, kwenye mihogo, halafu tena minazi. Kwa miguu ni rahisi. Jua ndilo kazi. Baada ya saa nne asubuhi kivuli cha mnazi ni cha jina tu.

Jambo moja sikulijua: mkonge. Nimeuona tangu utotoni kila nikipita barabara za Tanga, nikidhani umekuwepo tangu dunia kuumbwa. Kumbe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande huuhuu wa kusini ya mto. Mzee alilisema hilo kwa kawaida sana, kama mtu anayekueleza shangazi yake anakaa wapi.

Kurudi tuliteremka na mto kwa mtumbwi, na hapa ndipo fedha yangu ilipopata haki yake. Mikoko inakuja mpaka usoni. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyotanuka kama mtu aliyepanda magongo. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ni tofauti, mizizi yake inachomoza kutoka kwenye tope, myembamba na mingi, kama penseli zilizopandwa. Mzee alichuma jani la mchu akaniambia, "Lamba." Nikalamba. Chumvi! Mti unainywa kwenye maji na kuitoa kwenye jani, ukitazama vizuri unaona vipunje vyake vikimeta.

Nikamwuliza chumvi inapanda mpaka wapi. Akacheka, si kwa furaha. Kiangazi kikikaza, alisema, maji chumvi yanapanda mbali kuliko zamani, na minazi ya kando inakufa ikiwa imesimama. Tuliiona kweli, vigogo visivyo na vichwa. Mto huu unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru, unasafiri kilomita zipatazo 500, na njiani kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale, na mashamba ya umwagiliaji yasiyohesabika. Unapofika kwa watu wa Pangani umeshachoka, hauna tena nguvu za kusukumana na bahari.

Na mamba wapo. Niliinama ukingoni kunawa miguu, mzee akanivuta shati bila kuomba radhi. Ukiambiwa usichutame karibu na maji, usichutame.

Siku ya pili mzee alikuwa na msiba kwa ndugu zake, tukatafutiwa kijana. Tulipatana saa mbili asubuhi. Akaja saa sita, na tabasamu, na ndala. Tukamwuliza kama bado tutawahi. "Tutawahi, dada."

Mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia siku hiyo, yaani bamvua. Asiyekulia pwani aelewe hivi: siku za bamvua maji yanapwa mbali sana na kujaa juu sana, na pwani hii hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Ukianza kutembea saa saba mchana unatembea huku bahari inakufuata. Mimi ni wa bara, sikujua. Tulipokaribia miamba ya Ras Kikokwe mchanga ulikuwa umebaki kama upana wa kitanda. Kijana bado anasema tutawahi. Tukamkuta mvuvi mtu mzima anakunja nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda wapi saa hizi?"

"Ushongo."

Akatazama bahari, akatazama ndala za kijana. "Kwa maji haya?"

Hakusema zaidi. Wimbi lililofuata likanilowesha mpaka magotini, na tukageuka kwa kupanda juu, kwenye vichaka vya miiba, mdogo wangu akilia kwa hasira na mimi nimebeba viatu vyake. Tulirudi Bweni tumechanika mikono. Kijana alitaka alipwe siku nzima. Tulimlipa nusu, kwa ugomvi.

Siku ya tatu tulikwenda na yule mvuvi mwenyewe. Tuliondoka saa mbili kamili, maji yakiwa yanapwa, na yote yakawa mengine. Mchanga ulioachwa na maji sasa hivi ni mgumu kama sakafu, unatembea bila kuzama. Pale chini ya rasi palipotushinda jana tulipita kwenye uwanja mpana, kaa wakikimbilia matundu yao, akina mama wakipekua kwenye miamba kutafuta pweza. Niligusa jiwe lililokuwa na alama ya maji ya jana. Lilinizidi kimo.

Upepo wa kusi ulikuwa unatupiga usoni muda wote, maana tulikuwa tunaelekea kusini. Funga kitambaa, mchanga unaingia mpaka kwenye meno. Ukitaka kuepuka, nenda miezi ya kaskazi, joto ndiyo litakuwa kubwa lakini upepo utakusukuma mgongoni. Masika usijaribu, njia ya bondeni inakuwa tope tupu. Viatu: raba kuukuu usizozionea huruma. Maji ya kunywa beba yako yote, katikati hakuna pa kununua kitu.

Kilomita zipatazo 15 tulizimaliza saa saba kasorobo. Ushongo tulioneshwa kiota cha kasa kilichozungushiwa vijiti, mchanga umesawazishwa juu kana kwamba hakuna kitu. Zamani kasa walikuwa wakitaga kwa wingi kisiwani Maziwe, mbele ya pwani hii, hifadhi tangu 1975. Kisiwa kile kilipoteza miti yake yote, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji, na kasa akitaga pale mayai yanahamishiwa huku bara yasizame. Mvuvi wetu alisema babake alikuwa akipumzika kivulini Maziwe, chini ya mivinje.

Kwa wenye watoto wadogo au wazazi, fanyeni siku ya bondeni tu, na mtumbwi wakati wa kurudi. Ya ufukweni ni ya wenye magoti. Mwongoza njia yeyote mtakayempata, kabla ya bei mwulizeni leo maji yanapwa saa ngapi. Akijibu "tutaona", mshukuruni, mtafute mwingine.

Kurudi Bweni tulipanda bodaboda, watatu kwenye moja, mvuvi katikati ameshika ndoo ya pweza.