Vikombe vya kukodi kwa mbio za Bukavu: angalia mapipa kwanza

Seti ya kugawia maji mbioni inayokodishwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni hii: vikombe 500 vya plastiki ngumu, bidoni (madumu) kumi za lita 20 zilizofungwa robine, yaani bomba dogo la kufungulia maji, beseni tatu za kuoshea, kichanja cha kukaushia, na mapipa sita ya kurudishia vikombe. Inaletwa kwa pikipiki jioni ya kuamkia mbio. Nia yake ni kuachana na sashe, vile vifuko vya plastiki vya maji ya kunywa, ambazo zilipigwa marufuku pamoja na mifuko ya plastiki kwa amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017, na ambazo mpaka leo hazikosekani barabarani. Mvua moja inazisomba hadi mto Kawa, Kawa inazimwaga Ziwa Kivu, ziwa linazipeleka mto Ruzizi, na huko zinakwama kwenye mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi I. Wanaokaa gizani wanajua mwisho wake.

Kikombe chenyewe ni kizuri. Mdomo wake ni mnene, haukati. Kikianguka kwenye lami hakipasuki. Ndani kina mstari wa mililita 150. Mjazie mkimbiaji hadi kwenye mstari tu, maana kinachozidi hapo kinaishia kifuani.

Tatizo ni hesabu. Kikombe kina gramu 40, sashe tupu haifiki gramu 3. Basi kikombe kinapaswa kutumika mara 14 hivi ndipo kianze kuokoa plastiki. Kikitumika mara moja kwa kila mbio, na katika kila mbio kimoja kati ya vinne kikapotea, maisha yake kwa wastani ni mbio nne. Hapo mwandaaji ameshamzidi muuza sashe kwa uchafu, tena kwa gharama kubwa.

Na vinapotea kwa sababu moja: mapipa yanapangwa karibu mno. Wenye kukodisha huyaweka yote ndani ya mita 20 baada ya meza ya maji. Anayekimbia kilomita kwa dakika tano anapita mita 100 katika nusu dakika, na huo ndio muda anaohitaji kumaliza maji yake. Akimaliza, pipa liko nyuma, kikombe kinaruka mtaroni. Yapange upya: mita 30, 60, 100, na la mwisho 150, likiwa na kijana wa kulisimamia na mdomo wake ukielekea wanakotoka wakimbiaji. Afadhali zaidi, weka meza mlimani. Kwenye mwinuko wa kwenda Kadutu karibu wote wanatembea, wanakunywa, wanarudisha kwa mkono. Kwenye mteremko usiweke meza kabisa, hata kama ndipo penye kivuli.

Robine ni nyepesi lakini inafaa. Ikivuja, usiikaze zaidi, utapasua bidoni; fungua uone kama ule mpira wa ndani upo. Legeza kifuniko cha juu kidogo hewa iingie, la sivyo maji yanatoka kwa kusitasita kisha yanakatika. Hata ikienda vizuri, kikombe kimoja kinachukua kama sekunde sita, yaani vikombe kumi kwa dakika, na kundi la kwanza halisubiri. Jaza 100 mezani kabla hawajafika. Bidoni moja inatoa vikombe 130 kwa hesabu ya kwenye karatasi, 110 ukihesabu yanayomwagika. Jaza bidoni usiku, bomba la asubuhi si la kutegemea.

Kuosha ndiko wengi wanakokosea. Beseni ya kwanza maji na sabuni, ya pili maji safi, ya tatu maji yenye javeli, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Kwa lita 20 tia mililita 40 za javeli ya asilimia 5. Kama chupa imeandikwa digrii 12, kipimo kingine cha nguvu ya klorini, hiyo ni dhaifu kidogo, tia 55. Vikombe vizame dakika mbili. Usiruke beseni ya pili: sabuni na mabaki ya juisi yanaimaliza nguvu javeli kabla haijagusa vijidudu. Maji yakianza kuwa na ukungu, mwaga, changanya mengine. Halafu kichanjani, midomo chini, bila kufuta kwa kitambaa. Kitambaa kimoja kilicholowa kinarudisha kila kitu ulichoosha.

Kwa mashindano ya mpira ya mashule, ambako wachezaji wanakunywa wamesimama kando ya uwanja, kodi tu. Karibu vyote vitarudi. Kwa mbio za barabarani za watu wasiozidi 300, kodi, ila mapipa yapange mwenyewe. Zaidi ya hapo seti moja haitoshi, maana hakuna muda wa kuosha na kukausha katikati ya mbio.

Kabla ya kusaini, fungua gunia la vikombe na unuse. Vikipangwa vimoja ndani ya vingine vikiwa bado na maji, vinatoa harufu ya uvundo na madoa meusi kwenye kitako. Gunia la hivyo lirudishe na pikipiki ileile.