Kaka aliacha gongo ghafla: maoni yangu kuhusu wodi iliyomtuliza

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ni wodi ya wanaume ya hospitali ya mkoa, na ningewapa zote tano kama nisingekimbizwa usiku kutafuta dawa mitaani.

Kaka yangu alianza na mbege za ukoo, akaishia kwenye gongo ya kila siku. Alipoacha ghafla, siku ya tatu alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka, anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka na kumjibu marehemu baba. Shangazi akasema amerogwa. Zahanati tuliyoanzia walimfunga mikono kwa kitenge na kutaka kumchoma haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) peke yake. Hospitalini nikaambiwa kwamba hiyo ikitolewa yenyewe tu inaweza kukaribisha degedege.

Daktari wa zamu alitaka kujua kwanza mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini. Akatueleza kwamba ubongo wa mnywaji wa miaka mingi umezoea kushikwa breki na pombe. Pombe ikitoka ghafla, breki zinaachia, na kuweweseka kwa namna hii huanza zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Mtu anaweza kufa. Dayazepamu, dawa ya kutuliza waliyompa, inashika breki ile ile.

Shangazi hakuridhika: "Daktari, mlevi mnampa tena dawa ya kulewesha?"

"Mama, hii tunaipunguza kidogo kidogo mpaka iishe," alijibu kwa utulivu. "Gongo nani angempunguzia?"

Nilichokipenda kuliko vyote ni jinsi walivyomchoma. Miligramu 10 mshipani, polepole, kisha wanasubiri, wanamtazama, ndipo wanaongeza. Hawakutaka alale fofofo. Walitaka asinzie, lakini akiitwa jina afumbue macho. Sista alikuwa anahesabu pumzi zake, kipimo cha oksijeni kidoleni, mtungi wa oksijeni pembeni, kwa sababu dawa hiyo ikizidi inaweza kuzima pumzi. Alifunguliwa kile kitenge usiku ule ule. Kabla ya dripu ya glukosi walimpa sindano ya vitamini B1, kwani wanywaji wengi wamepungukiwa nayo, na sukari ikitangulia ubongo unaweza kuumia.

Hiyo B1 ndiyo iliyonikimbiza. Famasi ya hospitali haikuwa nayo, nikazunguka maduka ya dawa usiku, ilhali ni dawa ambayo wagonjwa wa aina hii hawawezi kuikosa. Tena nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Yule sista alijitahidi mno, Mungu ambariki, ila ndugu lazima awepo wa kukesha naye.

Ukimpeleka mtu wako, sema ukweli kuhusu kiasi anachokunywa, usione aibu. Kama alipewa ya kuzimua njiani, sema pia, maana pombe na dayazepamu zikikutana ni hatari kwa pumzi. Na mwenye ini bovu atajwe mapema, kwa sababu mwilini mwake dayazepamu inakaa muda mrefu zaidi.

Kliniki ya afya ya akili, ambako anasaidiwa asirudie kunywa, ipo jengo la nyuma hapo hapo hospitalini. Wakati wa kuruhusiwa hakuna aliyetuambia. Iulizieni kabla hamjaondoka.