GHz 2.4 au GHz 5: waifai ikisuasua, ujiunge na ipi?
Ruta nyingi za siku hizi hurusha masafa mawili ya mawimbi ya redio, GHz (gigahezi) 2.4 na GHz 5, na watu hujiunga na lolote linalotokea kwanza. GHz 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta wa matofali vizuri zaidi. Tatizo lake ni msongamano. Chaneli, yaani vijia ndani ya masafa hayo, zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa kila jirani anazigombania. Maikrowevu nayo hufanya kazi hapo hapo, karibu na GHz 2.45. Ukiona video inaganda kila chakula kinapopashwa moto, mchawi umeshampata.

GHz 5 ina chaneli nyingi na kasi kubwa, ila ukuta wa zege huipunguza makali. Kuta mbili, ndiyo basi tena. Kwa simu na televisheni zilizo sebule moja na ruta, sioni sababu ya kutumia nyingine. Kamera ya getini iachie 2.4, na kwenye mipangilio ya ruta upana wa chaneli ya 2.4 uweke MHz 20, si 40. Majina ya mitandao yakifanana, yatenganishe kwenye mipangilio, la sivyo simu itajichagulia yenyewe.

Ila kwanza chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kasi ikiyumba hata hapo, mpigie mtoa huduma. Masafa hayana kosa.